Simu Hupimwa Juani

Duka la simu ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kuchagulia simu. Nasema hivi bila kuwavunjia heshima wauzaji wa hapa Kipkelion, Kericho, ambao wengi wao wanaijua kazi yao na husimama siku nzima kwa faida ndogo. Shida ni chumba chenyewe. Ndani mna taa moja au mbili za dari, kaunta ya kioo, na nyuma yake simu zilizopangwa zikicheza video ya maonyesho: samaki wa baharini, maua, matone ya maji yakidondoka polepole. Katika mwanga huo hafifu kila skrini hung'aa na kila rangi hupendeza. Mnunuzi huvutiwa, hulipa taslimu au huanza kulipa mdogo mdogo, na kesho yake huipeleka simu mahali itakapofanyia kazi: shambani kwenye chai, kwenye kituo cha kupimia majani, stendi ya boda boda, mnada wa ng'ombe. Huko ndiko skrini hujulikana ni ya aina gani. Kwa miaka ambayo nimewaona watu wa huku wakinunua simu, wakizifurahia, wakizilalamikia na kuzibadilisha, nimekuja kuamini kwamba simu ya mtu anayeishi kwa shamba yafaa ipimwe nje ya duka, mchana, jua likiipiga, na rangi zake zipimwe kwa jani halisi lililoshikwa mkononi.

Tulikuwa na simu zilizosomeka juani kabla hatujapata simu janja. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, ilikuwa na skrini ndogo isiyo na rangi, na huku Kenya simu za aina hiyo tuliziita mulika mwizi kwa sababu ya tochi yake. Taa ya ndani ya skrini ile ilikuwa ya usiku tu. Mchana iliazima mwanga wa jua: mwanga ulipenya, ukagonga tabaka la nyuma lenye kuakisi, ukarudi kwenye jicho, na maandishi meusi yakaonekana kwa kuuzuia. Kadiri jua lilivyokuwa kali ndivyo maandishi yalivyokolea. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, watu wengi walijifunza kutuma na kupokea pesa kwenye skrini za namna hiyo, wamesimama katikati ya soko, bila kuinamia kivuli. Kisha zikaja skrini za rangi ambazo hazitumii jua hata kidogo. Hizo hushindana nalo, kila moja kwa taa yake yenyewe. Tulipata ramani, picha, video na sura za wajukuu walioko Nairobi na Doha. Tulichopoteza hakuna aliyekitangaza dukani, kwa hiyo wengi hawakujua kwamba kuna cha kuulizia.

Ushindani huo na jua unaweza kupigiwa hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Mwanga unaoangukia kitu hupimwa kwa luksi; mwanga unaotoka kwenye skrini hupimwa kwa niti, na niti ndizo namba zinazochapwa kwenye boksi la simu. Ndani ya duka la kawaida mna luksi mia mbili au mia tatu hivi. Chini ya mti, siku ya jua, huwa kama 10,000. Juani penyewe hufika 100,000. Kipkelion iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua la Machi na Septemba hupita juu ya kichwa, na nchi hii ya miinuko ina hewa nyepesi isiyochuja sana mwanga. Ukungu wa asubuhi na mvua ya alasiri vinaweza kumdanganya mgeni kwamba huku hakuna jua. Kati ya saa nne na saa nane mchana, siku isiyo na mawingu, atajua. Sasa, kioo cha simu, hata kikipanguswa kikawa safi, hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaokipiga. Asilimia 4 ya luksi 100,000, tukichukulia kwamba inatawanyika sawasawa, ni zaidi ya niti 1,200. Mwako huo hulala juu ya skrini yote, juu ya nyeupe na juu ya nyeusi pia. Simu ya niti 450, ambayo ni kiwango cha kawaida kwa simu za bei ya chini, ikiwa juani huonyesha nyeupe ya karibu niti 1,700 dhidi ya nyeusi ya niti 1,250. Yaani nyeupe yake haifiki hata mara moja na nusu ya nyeusi. Dukani, simu hiyo hiyo huonyesha nyeupe inayoizidi nyeusi zaidi ya mara mia. Ni simu moja, ila mtu aliyeiona dukani na mtu anayeisoma shambani wameona vitu viwili tofauti.

Kutokana na hesabu hiyo mtu anaweza kusema dawa ni kutafuta simu yenye niti nyingi zaidi kwenye boksi, na hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea kwa mara ya pili. Namba kubwa inayochapwa, 1,500 au 2,000 au 3,000, kwa kawaida ni kilele: mwangaza ambao sehemu ndogo ya skrini inaweza kuufikia kwa muda mfupi, huku sehemu nyingine ikiwa nyeusi. Ujumbe wa benki au wa kituo cha majani una usuli mweupe uliojaa skrini nzima, na hapo mwangaza huwa chini sana ya kilele. Pia simu nyingi huruhusu mwangaza wao wa juu kabisa pale tu mpangilio wa kujirekebisha wenyewe umewashwa na kihisi cha mwanga kimeona jua. Anayesukuma kitelezi kwa kidole hadi mwisho hufikia kiwango cha chini zaidi, na wengi huku huuzima mpangilio huo kwa imani kwamba unamaliza betri. Halafu kuna joto. Simu iliyokaa juani dakika kumi hupata moto, na ikipata moto hujipunguzia mwangaza yenyewe ili isiharibike. Jicho nalo haliongezi kama kikokotoo kinavyoongeza. Ukizidisha niti mara mbili, jicho huona ongezeko la robo hivi tu. Kwa hiyo pengo la niti 450 na 900 ni kubwa na mtu ataliona papo hapo, lakini la 2,000 na 2,500 halistahili kuongezewa hata shilingi elfu mbili. Hakuna namba moja inayoweza kubeba haya yote kwa uaminifu. Kusimama juani na simu mkononi kunayabeba.

Pingamizi la kwanza, na ndilo ninalolisikia mara nyingi zaidi, ni kwamba kivuli kipo. Mtu asiyeona skrini na asogee chini ya mti. Ni kweli, na hesabu inakubali: chini ya mti simu ya niti 450 huonyesha nyeupe inayoizidi nyeusi mara nne na zaidi, na maandishi husomeka. Lakini tazama kazi zenyewe. Mchunaji amebeba kikapu mgongoni, amezungukwa na chai inayomfika kiunoni. Mti wa karibu uko mwisho wa shamba. Mwendesha boda boda anapokea malipo abiria akiwa tayari ameshuka na anaondoka. Muuza viazi kando ya reli ana wateja watatu kwa pamoja, na kila mmoja anamwonyesha ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake. Kwa watu hawa kusoma vibaya kuna bei. M-Pesa huonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijaondoka, na huduma hiyo ya Hakikisha humpa mtumaji sekunde chache za kusitisha. Sasa fikiria majina ya huku. Kiprono na Kipruto yanatofautiana kwa herufi mbili, na Cherono na Cheruto vilevile. Mtu ameikingia simu kiganja cha mkono wa kushoto, amekunja uso, kwenye skrini anaona kivuli cha kofia yake na mstari wa kijivu unaoanza na herufi K, na sekunde zinakwisha. Kumwambia huyo akatafute kivuli ni kumpa ushauri wa mtu aliyeketi ofisini.

Rangi ni jambo ambalo watu hulichukulia kuwa la anasa, la vijana na picha zao. Katika nchi ya chai, kahawa na mahindi, nalihesabu kuwa la kazi. Chai nzuri ni majani mawili na chipukizi, na jani changa lina kijani chenye umanjano kidogo huku jani lililokomaa likiwa kijani kizito. Tofauti hiyo ndiyo karani anayoitazama anapokataa kikapu. Skrini inayotia chumvi rangi hulifanya jani changa na jani kuukuu yote mawili yang'ae kijani kimoja cha kupendeza. Chai ya zambarau, TRFK 306, iliyotolewa na watafiti wa chai wa hapa Kericho mwaka 2011, ni mtihani mzuri zaidi: jani lake lina wekundu uliochanganyika na buluu, na skrini dhaifu huligeuza kuwa kahawia, kana kwamba limeungua kwa baridi. Mahindi ndiyo yenye hatari kubwa. Ugonjwa unaoitwa MLN, unaosababishwa na virusi wawili wanaoshambulia kwa pamoja, uliripotiwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka 2011 katika jirani yetu Bomet, na uliwaacha wakulima na mabua makavu yasiyo na punje. Dalili yake ya mapema ni madoa madoa ya manjano hafifu kwenye majani machanga ya juu. Mahindi yenye njaa ya naitrojeni nayo huwa manjano, lakini huanzia majani ya chini, kutoka ncha kuelekea katikati. Mkulima hupiga picha, huitazama, huamua kama inafaa kutumwa kwa afisa wa kilimo kwa WhatsApp au kama shamba linahitaji mbolea tu. Skrini haibadilishi picha iliyohifadhiwa. Hubadilisha uamuzi wa anayeitazama, iwe ni mkulima kabla hajatuma au afisa baada ya kupokea. Manjano hafifu ikimezwa na kijani cha kupendeza, wiki mbili zinaweza kupotea.

Ndiyo maana nasema rangi zinazopendeza zaidi dukani mara nyingi ndizo zisizofaa. Kampuni zinajua kwamba simu mbili zikiwekwa kando kwa kando, jicho hukimbilia ile yenye rangi kali, na simu nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa katika hali ya rangi zilizokolezwa. Kipimo cha rangi ambacho picha nyingi za mtandaoni hukifuata, sRGB, kilianza mwaka 1996, na skrini inayokifuata kwa uaminifu inatosha kabisa kwa jani, kwa tunda la kahawa na kwa uso wa mtu. Skrini zenye upeo mpana zaidi ni nzuri zikisimamiwa vizuri. Zisiposimamiwa, huichukua picha ya kawaida na kuivuta hadi nyasi ziwe kama zimepakwa rangi. Maandishi ya boksi yanayojivunia rangi bilioni moja yanahesabu ngazi kati ya rangi na rangi, na hayasemi lolote kuhusu kama rangi hizo ni za kweli. Mtu akipinga kwamba macho huzoea, nitamjibu kwamba amesema nusu ya ukweli. Jicho huzoea weupe wenye ubuluu au umanjano ikiwa skrini ndiyo kitu pekee inachotazama. Weka jani la kweli kando ya picha ya jani hilo, kwenye mwanga mmoja, na mazoea hayo hayasaidii kitu. Kwa hiyo chuma jani kabla hujaingia mjini, liweke mfukoni, na dukani lipige picha kwa kila simu unayofikiria, nje, kisha linganisha. Kamera nayo itakuwa imechangia kosa lake, na si hasara, kwa kuwa utaishi na kamera hiyo pia. Fungua mipangilio ya skrini uone kama kuna chaguo la rangi za asili. Simu nyingi za bei ya kati huwa nalo, na kulibadilisha hakugharimu chochote.

Aina ya skrini ni swali ambalo wauzaji hupenda kulijibu, na majibu yao huwa mepesi mno. AMOLED huwasha kila nukta kwa mwanga wake yenyewe, kwa hiyo nyeusi yake ni nyeusi kweli, na ukiiinamisha rangi hazibadiliki kama zinavyobadilika kwenye LCD ya bei ya chini. LCD ina taa moja ya nyuma inayowaka wakati wote. Wengi wanadhani basi AMOLED daima hula betri kidogo. Ndivyo ilivyo kwa usuli mweusi, lakini ukurasa mweupe kwa mwangaza wa juu unaweza kuimaliza betri haraka kuliko LCD. Tena usuli mweusi unaosifiwa huwa mbaya juani, maana kioo cheusi huonyesha mawingu na uso wako kuliko maandishi. Mchana tumia nyeupe, usiku nyeusi. Na usiku haupimwi dukani vilevile: katika nyumba ambamo watoto wamelala chumba hicho hicho, kiwango cha chini kabisa cha mwangaza ni muhimu sawa na cha juu. Kuna simu ambazo hata zikishushwa hadi mwisho bado zinamulika ukuta. Nyingi za AMOLED hushuka kwa kuzima na kuwasha mwanga kwa kasi sana, na baadhi ya watu huumwa kichwa kwa hilo. Mwenye kichwa chepesi na aikingie skrini kiganja dukani, ashushe mwangaza, na asome kwa dakika tatu hivi.

Kuna pingamizi zito kuliko yote, la mtu anayesema kwamba kuchagua ni kwa wenye pesa. Mpango wa mkopo wa Lipa Mdogo Mdogo ulipoanza Julai 2020, ulimpa mtu simu ya 4G kwa shilingi 20 kwa siku, na kiwanda cha simu cha Athi River kilipozinduliwa Oktoba 2023 simu zake zilianzia shilingi 7,499. Kwa bei hizo, niti 1,000 hazipo. Nakubali, na sitamshauri mzazi mwenye karo ya kulipa aongeze elfu kumi kwa ajili ya skrini. Nakubali pia kwamba betri na nafasi ya kuhifadhi ni mambo makubwa. Lakini simu za bei moja hazina skrini moja. Miongoni mwa simu tatu za shilingi 10,000 au 12,000, mara nyingi mojawapo husomeka juani kwa wazi kuliko wenzake, na kuijua hakuhitaji senti. Na asiye na nafasi ya kuchagua kabisa, kwa kuwa mkopo umempangia simu, bado anaweza kuwasha mpangilio wa mwangaza wa kujirekebisha, kuongeza ukubwa wa herufi, kupangusa mafuta ya vidole, na kukataa protekta ya bei rahisi yenye nafasi ya hewa chini yake, ambayo huongeza nyuso mbili za kuakisi juu ya ile moja. Betri yenyewe inahusika hapa: mwenye skrini hafifu huiacha kwenye mwangaza wa mwisho kutwa, na skrini ni mojawapo ya walaji wakubwa wa chaji.

Simu zilizotumika, zile zinazopanda basi kutoka Luthuli Avenue jijini Nairobi na kuitwa za Uingereza au za Dubai, zinahitaji jicho kali zaidi. Boksi linaweza kusema AMOLED na ndani fundi akawa ameweka skrini ya LCD ya kuigiza, kwa sababu ya asili ni ghali mno. Hiyo hufanya kazi vizuri, hugusika vizuri, na juani hufifia kabisa. Fungua picha nyeusi tupu ndani ya kiganja kilichofumbwa: AMOLED ya kweli itazimika, ya kuigiza itatoa ukijivu. Fungua picha ya kijivu tupu: kibodi au alama za juu zikionekana kama kivuli, skrini imeungua na haitapona.

Wauzaji wana hofu yao, na ni ya haki: simu ikivuka mlango inaweza isirudi. Hilo linatatulika kwa muuzaji kutoka pamoja na mnunuzi hadi barazani, hatua tatu, au kwa kitambulisho kubaki juu ya kaunta. Anayekataa hata hivyo anamnyima mteja kitu ambacho si fadhila. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa anayonunua, na kwa mchunaji chai wa Kipkelion habari ya kwanza kuhusu skrini ni kama itasomeka saa sita mchana. Haki hiyo hiyo inapanda hadi kwa kampuni. Zinazoweza kuchapa niti 2,000 za kilele kwenye boksi zinaweza kuchapa pia, kwa herufi za ukubwa uleule, niti ambazo skrini nzima nyeupe hudumu nazo kwa dakika kumi juani. Kwa mwenye maabara kipimo hicho ni kazi ya asubuhi moja.